Joan Root wa Naivasha: Mkono Uliokuwa Nyuma ya Kamera

Mtu wa Mombasa afunguapo mfereji wake alfajiri akatawadha, kisha akateleka chai, huenda hafikiri kwamba sehemu ya maji yale imesafiri kilomita zaidi ya 200 kabla ya kufika mkononi mwake. Tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likiyaleta kutoka chemchemi ya Mzima, katika mbuga ya Tsavo. Huko mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu huzama ndani ya mawe ya volkeno, ikachuruzika chini kwa chini, kisha ikabubujika nje ikiwa safi kama kioo.

Mwaka 1972 watazamaji wa Ulaya walioneshwa filamu juu ya chemchemi hiyo, nayo ilipigwa chini ya maji, miongoni mwa viboko na mamba. Waliozoea kuona mgongo na masikio ya kiboko tu waliona jinsi mnyama yule mzito anavyotembea kitini mwa maji kwa wepesi, kama mtu anayecheza ngoma. Filamu ile ilisifiwa mno. Wengi walidhani kuwa kazi kama hiyo lazima iwe imefanywa na kundi kubwa la mafundi, na magari, na fedha zisizohesabika.

Haikuwa hivyo. Ilitengenezwa na watu wawili, mume na mke, waliokuwa na maskani yao Naivasha, katika Bonde la Ufa. Jina la mume, Alan Root, lilivuma, na lilistahili kuvuma. Leo lakini, msomaji wangu, nataka nikusimulie habari za mke, Bibi Joan, ambaye jina lake kwa muda mrefu lilikaa kivulini. Mimi si bingwa wa wanyama, wala sidai kuwa mjuzi wa kamera. Ninachokijua ni kwamba duniani hakuna kazi ya mikono miwili inayofanywa na mkono mmoja.

BINTI WA MKULIMA WA KAHAWA

Joan alizaliwa Nairobi tarehe 18 Januari 1936. Baba yake, Edmund Thorpe, alikuwa Mwingereza aliyekuja Kenya akalima kahawa, na baadaye akaanzisha safari za kuwapeleka wageni porini kupiga picha badala ya kupiga bunduki. Binti huyo alikulia katika kazi hiyo. Alijua kupanga mizigo ya safari, kuhesabu maji na mafuta, kutengeneza gari lililokwama, na kupika chakula cha watu kumi juu ya mafiga matatu. Alikuwa mpole na mwenye haya, maneno yake machache. Alipokuwa msichana alilea mtoto wa tembo aliyekuwa yatima, na wanaojua kazi hiyo husema ni sawa na kulea mtoto mchanga asiyelala usiku.

Alan alizaliwa London mwaka 1937, akaletwa Kenya angali mtoto. Alikuwa kinyume chake: msemaji, mcheshi, mtu wa kuthubutu kila jambo la hatari. Alipokuwa kijana alifanya kazi na Wajerumani wawili, Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliokuwa wakipiga filamu ya Serengeti. Michael alikufa katika ajali ya ndege Januari 1959, na Alan akasaidia kuimaliza kazi. Filamu ile ikapata tuzo ya Oscar. Hivyo kijana yule alionja utamu wa kazi, na akaona pia jinsi inavyoweza kumla mtu.

Wakaoana mwaka 1961. Katika miaka hiyo walinunua nyumba na shamba la ekari 88 ufukoni mwa kusini wa ziwa la Naivasha. Ikawa nyumba ya ajabu. Humo waliishi na muhanga, mnyama yule wa usiku mwenye masikio ya punda na pua ya nguruwe anayekula mchwa, na hata mtoto wa kiboko alilelewa humo. Aliyewalisha wote hao, na kuwaosha, na kuwakesha walipougua, alikuwa Bibi Joan. Mwenyezi Mungu hakuwajaalia watoto.

UTEPE NI PESA, WAKATI NI PESA

Hapa inafaa nieleze kidogo juu ya kazi yenyewe, maana vijana wa leo wanaopiga picha kwa simu hawawezi kujua shida ya zamani. Filamu za wanyama zilipigwa kwa utepe wa milimita 16. Utepe wa futi 100 hukwisha kwa muda usiofika dakika 3, na ule wa futi 400 kwa muda wa dakika 11 hivi. Hapakuwa na kufuta na kurudia. Ukishapiga umepiga, na kila futi imelipiwa. Zaidi ya hayo hukuweza kuona ulichokipata siku ile, maana utepe ulipelekwa ng'ambo kusafishwa, nawe ukangoja habari huku mnyama wako ameshahama.

Basi kazi ile yataka nini? Yataka subira kuliko vyombo. Mnyama hapokei amri. Huwezi kumwambia simba arudie kuruka kwa kuwa jua lilikuwa limefunikwa na wingu. Ni kukaa na kungoja, wiki baada ya wiki, pengine mwaka mzima na zaidi. Na hapo ndipo hesabu ya fedha inapoingia. Kampuni kubwa ikituma watu kumi porini, kila siku ya kungoja ni mishahara kumi, vitanda kumi na vinywa kumi. Baada ya majuma machache mwenye mali huanza kupiga simu akiuliza kazi itakwisha lini. Lakini watu wawili katika hema moja, wenye gari lao na kamera yao, wanaweza kungoja mpaka mvua inyeshe na ikauke.

Hii ndiyo siri ya akina Root. Filamu zao zilinunuliwa na kuoneshwa na televisheni ya Anglia ya Uingereza, katika mfululizo ulioitwa Survival, lakini porini walikuwa peke yao. Uchache wa watu ndio ulionunua wakati, na wakati ndio uliozaa picha ambazo wengine hawakuzipata.

Lakini watu wawili wakifanya kazi ya kumi, wale wanane wamekwenda wapi? Nilipolifikiri swali hili ndipo nilipoanza kumwona Bibi Joan. Alan alikaa na kamera. Aliyebakia alikuwa mpishi, dereva, fundi, mwuguzi, mweka akiba, mshika taa na msaidizi wa kamera. Yeye ndiye aliyepanga safari tangu shilingi ya kwanza hadi kijiti cha mwisho cha kiberiti. Alan akija na wazo la kichaa asubuhi, kufika jioni Joan alikuwa ameshafunga mizigo ya kulitimiza.

Walikwenda hata visiwa vya Galapagos, katika bahari ya Pasifiki, na filamu waliyoileta kutoka huko ikaoneshwa Uingereza mwaka 1967, kisha ikanunuliwa Marekani. Kabla ya hapo, mwaka 1963, walikuwa katika milima ya Kongo kuwapiga picha masokwe, na huko wakakutana na mgeni wa Kimarekani aitwaye Dian Fossey, wakamfikisha kwenye wanyama wale ambao baadaye walimpatia umaarufu wake wote.

HONDOHONDO NDANI YA MBUYU

Moja ya filamu zao ilihusu mbuyu, mti ambao sisi wa pwani tunaujua vizuri. Humo walionesha maisha ya ndege hondohondo. Ndege huyu ana desturi yake. Wakati wa kutaga, jike huingia ndani ya shimo la mti, na mlango ukazibwa kwa udongo mpaka ubakie ufa mwembamba tu. Humo hutaga na kulalia mayai. Dume huhangaika mchana kutwa akileta chakula, akikipitisha katika ule ufa. Dume akifa au akichoka, walio ndani nao wako hatarini.

Nikiifikiria nyumba ya akina Root, naona mambo yaligeuka. Aliyejifungia ndani ya kibanda na kamera yake, kimya, macho hayabanduki, alikuwa mume. Aliyeruka huku na huku akileta maji, chakula, utepe na habari, alikuwa mke. Sisemi hivi kwa kumdharau Alan, ambaye mwenyewe hakukana kwamba bila ya Joan asingefika popote. Nasema ili tujue kwamba aliye nje ya shimo naye ana sehemu yake katika vifaranga.

Miaka kadhaa iliyopita nilifikia kwa jamaa zangu mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, nikawakuta vijana wakitengeneza filamu ya hadithi kwa fedha za kuchangishana. Kamera ilikuwa ya kuazima, taa ni balbu za nyumbani zilizofungwa kwenye mti wa ufagio, na nguo za wachezaji zilitoka katika masanduku ya mama zao. Nilifuatana nao siku mbili, nikapanda nao hadi ukingo wa Menengai upepo ukitupiga. Kulikuwa na mwongozi, akipiga kelele kama waongozi wote. Lakini kila aliyepotewa na kitu hakumwendea yeye. Alimwendea msichana mmoja mwenye daftari lililokunjika pembe. Nani amekula na nani hajala, kamera irudishwe saa ngapi, mzee mwenye nyumba ameahidiwa nini: yote yalikuwa katika daftari lile. Siku ya pili msichana alichelewa kwa saa mbili, akiwa amekwenda kumwuguza nduguye, na kwa saa mbili hizo haikupigwa hata picha moja. Tangu siku hiyo nisomapo habari za filamu ya watu wachache, kwanza humtafuta mtu wa daftari.

MAJI, MCHWA NA BALUNI

Hatari nazo hawakuzigawa, walizichukua pamoja. Siku moja, wakiwa chini ya maji kule Mzima, kiboko aliwashambulia. Jino lake lilipita katika kioo cha kuzamia alichovaa Joan usoni, likakivunja, likamwacha salama kwa kiasi cha upana wa vidole. Kisha likamgeukia Alan, likamtoboa mguu vibaya hata ikabidi akimbizwe Nairobi hospitali. Mtu mwingine angeiuza kamera. Wao, Alan alipopona, wakarudi kazini.

Wakafuata nyumbu wa Serengeti katika mwendo wao wa mwaka mzima. Wakanunua baluni la hewa ya moto, wakajifunza kuliendesha, wakaruka nalo juu ya mlima Kilimanjaro. Baluni haliendi atakako rubani, huenda utakako upepo, na kwa hiyo nyuma ya kila safari ya angani iko safari ya pili ya ardhini, ya gari linalokimbizana na kivuli katika miiba na makorongo. Safari hiyo ya pili haipigwi picha.

Mwaka 1978 ikatoka filamu yao juu ya kichuguu cha mchwa. Waliingiza macho ya watu ndani ya ngome ile ya udongo, wakaonesha malkia anayetaga bila ya kupumzika, askari, wajenzi, mashamba ya uyoga, na njia za hewa zinazoifanya nyumba ipoe wakati wa joto. Huko Marekani ilisimuliwa kwa sauti ya Orson Welles, na mwaka 1979 ilikuwa miongoni mwa filamu zilizoteuliwa kushindania Oscar. Kwa kazi iliyoanzia katika hema la watu wawili, hiyo si heshima ndogo.

Lakini dunia haikosi mawimbi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndoa ile ikavunjika, Alan akaenda kwa mwanamke mwingine, na baadaye ikaja talaka. Joan alibaki Naivasha. Alikuwa amefanya kazi ya filamu kwa miaka 20, na sasa ilionekana kana kwamba kazi yote ilikuwa ya mwenzake, kwa sababu aliyeshika kamera huondoka na kamera. Yeye hakupiga kelele wala kudai. Akawarudia wanyama wake, na ziwa lake.

VITA VYA ZIWA

Ziwa Naivasha ni la maji baridi, ingawa jirani zake Nakuru na Elmenteita ni ya magadi. Hulishwa na mito ya Malewa na Gilgil. Ukingoni mwake huota mafunjo, na ndani ya mafunjo ndimo samaki wanamozaliana. Tangu miaka ya 1970 na 1980 mashamba ya maua yaliongezeka ufukoni, maua yakisafirishwa kwa ndege hadi Ulaya. Kazi zikapatikana, na watu wakamiminika kutoka kila pembe ya Kenya, wakajenga mitaa kama Karagita. Mwaka 1995 ziwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya maji yenye umuhimu kwa ulimwengu. Lakini orodha haizuii bomba kunyonya maji, wala haimlishi asiyepata kazi.

Aliyekosa kazi shambani aliingia ziwani na wavu. Samaki wakapungua mno, na mwaka 2001 serikali ikafunga uvuvi kwa mwaka mzima. Hapo ndipo Bibi Joan, mtu yule wa haya, alipotoka mbele. Akasaidia kwa fedha zake kuundwa kikosi cha kuwakamata wavuvi haramu, na ndani yake wakaajiriwa watu ambao wenyewe walikuwa wakivua kwa wizi. Nyavu za matundu madogo zikakamatwa na kuteketezwa.

Sisi watu wa bahari tunalielewa jambo hili kwa pande zote mbili. Tunajua kwamba wavu wa tundu dogo unamla mjukuu kabla hajazaliwa. Tunajua vilevile kwamba mtu aliyechomewa wavu hurudi nyumbani mikono mitupu, na watoto wake hawali elimu ya viumbe. Joan alikuwa Mzungu mwenye ekari 88 ufukoni. Waliokimbizwa walikuwa maskini wasio na shibri ya ardhi. Chuki ilizaliwa, na sitaki kumfanya mtu malaika nikaificha. Lakini haikuwa haki kumwachia mwanamke mmoja wa makamo kazi iliyokuwa ya serikali, na ya mashamba makubwa, na ya wakazi wote. Alifanya kama alivyofanya siku zote porini: aliona kazi haina mwenyewe, akaibeba.

Alitishwa, nyumba yake ikavamiwa, marafiki wakamsihi ahame. Alikataa. Usiku wa tarehe 13 Januari 2006 watu wenye bunduki waliingia katika shamba lake, wakamfyatulia risasi kupitia dirishani hadi wakamwua. Zilibaki siku 5 atimize miaka 70. Watu 4 walishtakiwa, na mwaka 2007 mahakama ikawaachilia kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Mpaka hapo hakupatikana wa kubeba hatia ile. Alan naye alifariki mwaka 2017.

Nimeandika habari hizi kwa kuwa nchi yetu sasa ina vijana wengi wanaotengeneza filamu bila ya mtaji, Nakuru, Mombasa, Lamu na kwingineko, nao huja kuuliza kamera gani ni nzuri. Kamera ni swali la pili. La kwanza ni nani atakayekuwa nawe siku ya 90, mvua ikinyesha na fedha zimekwisha, na je, jina lake utaliandika wapi? Chanda chema huvikwa pete, lakini mara nyingi pete huvikwa chanda kilichoonekana.

Mwenye kutaka kumwona Bibi Joan mwenyewe na aitafute filamu ya mwaka 1980 ambayo yeye na Alan walijipiga wenyewe wakiwa kazini. Humo utamwona mwanamke mwembamba aliyevaa miwani, ameinama mbele ya swila. Nyoka anamtemea sumu, nayo inatapakaa juu ya vioo vya miwani. Hapigi kelele wala harudi nyuma. Anatulia pale pale, kwa kuwa kamera inazunguka, na anajua kuliko mtu yeyote utepe ule umegharimu kiasi gani.